Weusi wa Mukamugema

Ukitaka kumukasirisha Mukamugema, mwambie weusi wa vikapu vyake unatoka vikilowa. Eee! Mwanamuke mupole yule, lakini hapo sauti ilipanda. Alichukua kikapu, akakitumbukiza ndani ya ndoo mbele ya macho yako, akakisugua kwa kitambaa cheupe, kisha akakiweka kitambaa puani pako. "Unaona? Weusi wangu hautoki." Kitambaa kilikuwa cheupe vilevile. Wanawake wa sité nzima, mutaa wetu wa Goma, waliyajua maneno hayo, na mimi jirani yake niliyasikia mpaka masikio yakachoka.

Mimi ni Kasoki, mama Florent, mutu wa Butembo. Bwana yangu Kamate alipata kazi ya upishi kwa wazungu kule kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, na mimi nikamufuata na sufuria zangu. Lupango yetu, kiwanja cha nyumba, na ya akina Mukamugema zilitenganishwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, mufupi, mutu anaweza kupitisha moto na chumvi bila kuzunguka. Bwana yake, Sibomana, aliendesha kamiyo ya kahawa, leo Rutshuru, kesho Masisi, nyumbani alikuja kama mugeni. Mukamugema alibaki na vikapu vyake. Alitoka Kalengera, kwa watu wanaojua kufuma tangu tumboni.

Ule weusi aliupika mwenyewe. Kwanza nyuzi alizilaza ndani ya maji ya majivu. "Majivu yanafungua uzi, mama Florent. Rangi inaingia mpaka ndani." Kisha alichemsha ua la mugomba, lile kubwa linaloning'inia chini ya mukungu, akaweka tope jeusi ambalo Sibomana alimuletea kutoka bondeni kwao, na nyuzi zikalala humo mpaka zikawa nyeusi kabisa. Vidole vyake navyo vilikuwa vyeusi, wakati wote, hata kwenye komunyo. Padri alishazoea.

Sasa sikilizeni habari ya Béata.

Béata alikuwa mutoto wake wa kwanza. Alikuwa anajifunza kutembea Mukamugema aliposhika mimba nyingine, na kama kawaida akamuachisha ziwa. Mutoto akala ndizi, akala viazi vitamu, jioni ndizi tena. Maharagi hakupewa, kwa sababu kule kwao walisema yanamujaza mutoto tumbo. Nyama utaitoa wapi? Basi mashavu yakaanza kuvimba, na majirani wakasifu, "Mutoto ananenepa huyu!" Lakini alikuwa haongei tena, hachezi tena, anakaa mulangoni kama muzee aliyefiwa. Na nywele zikawa laini, nyepesi, nyekundu.

Bwaki. Kila mutu Kivu anaijua bwaki. Masera, watawa wa dispanseri, walikuwa wanasema ni kukosa vyakula vya nguvu, basi, hakuna uchawi wala dhambi. Lakini nani aliwasikiliza? Watu walisema bwaki ni mama aliyelala na bwana yake wakati mutoto angali ziwani, maziwa yakaharibika. Mama mwenye mutoto wa nywele nyekundu akipita sokoni, wanawake waliacha kuongea, wakakohoa. Mumesikia? Walikohoa. Matusi ningeyavumilia kuliko kile kikohozi.

Mukamugema alijifungua yule wa pili, mutoto wa kiume, na habari ikaja kwamba mama mukwe wake anateremuka kutoka Kalengera kumuona mujukuu. Mama mukwe huyo, Nyiramahirwe, Mukamugema alimwita mabukwe kwa lugha yao, kwa heshima yote, na alimuogopa kuliko radi. Kwa sababu mwaka mumoja nyuma, mbele ya watu, mukecuru, yule bibi muzee, alimuona mutoto wa bwaki mugongoni mwa mama fulani akasema, "Zile nywele zinamutangaza mama yake." Ulimi hauna mufupa. Maneno yale Mukamugema aliyameza yakabaki tumboni.

Siku chache kabla mukecuru hajafika, nilichungulia juu ya ukuta, nikamuona Béata ana nywele nyeusi tititi, zimepakwa mafuta, zinang'aa. Miguuni soksi za sufu mpaka magotini. Asubuhi za Goma zina baridi, soksi hazikunishangaza. Nikapiga vigelegele, mujinga mimi!

"Mama Béata! Mutoto amepona!"

"Ndiyo," akasema, "amepona." Akainama kwenye kazi yake.

Mukecuru alifika na kamiyo ya mwanawe, akiwa na fimbo, kibuyu cha maziwa ya mugando na maneno yake. Nilienda kumusalimia. Alimupakata Béata, akapitisha mukono kichwani taratibu, akatazama ukingo wa masikio ya mutoto, kisha akatazama vidole vya Mukamugema. Nilingoja aseme neno la kuchoma. Akasema tu, "Nywele zimekuwa nzuri." Tukanywa maziwa, tukaongea habari za mvua.

Ilikuwa wakati uleule ambapo dispanseri ilianza kugawa maziwa ya unga. Yalikuja ndani ya mapipa makubwa, na padri alitangaza baada ya misa: watoto wenye bwaki waletwe Jumatatu, watachaguliwa, watakaochaguliwa watakunywa maziwa kila siku pale pale mpaka wapone. Watu walifurahi. Wengine walifurahi kupita kiasi, maana kulikuwa na wamama waliowapaka watoto wazima udongo mwekundu wa Masisi kichwani ili wapate nao. Musicheke, njaa ina akili nyingi.

Jumatatu ile Mukamugema alikuja kwangu asubuhi, kichanga mugongoni, Béata mukononi. Mutoto amevaa nguo ya misa, nyeupe, yenye vifungo. Nywele zimepakwa mafuta upya. Soksi mpaka magotini.

"Nisindikize dispanseri, mama Florent."

"Kufanya nini? Si amepona?"

"Hali," akasema. "Tangu juzi hali kitu."

Nilimutazama yule mutoto vizuri, na kweli macho yalikuwa yamezimika. Nikachukua kitenge changu tukaenda. Lakini njiani nilijiuliza, mutu gani anaenda kuomba maziwa ya wagonjwa na mutoto amepambwa kama bibi arusi? Baadaye ndipo nilielewa mawazo yake. Alidhani enfirmye, muuguzi wa dispanseri, ni kama padri, atamuita ndani ya chumba, atafunga mulango, atajua ugonjwa wa ndani bila kuona wa nje, na yeye mama hatalazimika kusema neno.

Hakukuwa na chumba. Kulikuwa na mustari wa wamama mpaka barabarani, na enfirmye mumoja, kijana aliyeitwa Viateur, anapita haraka na kitambaa cheupe chenye maji. Kwa ajili ya wale wa udongo, alisugua kila kichwa. Kitambaa kikiwa chekundu, toka! Nywele zikibaki nyekundu na kitambaa cheupe, pita ndani. Hakuwa mubaya. Alikuwa amechoka, na watoto walikuwa wengi.

Akafika kwa Béata. Akasugua mbele, akasugua nyuma. Akatazama kitambaa chake.

Cheupe.

"Nywele nyeusi, na hakuna rangi. Huyu ni muzima, mama. Muangalie na mashavu! Rudi nyumbani, maziwa ni ya wagonjwa."

Nyuma yetu mama mumoja akasema kwa sauti, "Anataka maziwa ya kutia chai!" Wakacheka. Mukamugema akatoka kwenye mustari. Mimi nilikuwa nawaka, lakini nilikuwa sijui ninamukasirikia nani.

Tulipofika kwenye mawe ya volkano, mbali na watu, akaketi chini. Akaniambia yote. Ua la mugomba, tope, maji ya majivu kidogo tu ili yasimuchome. Kila nywele mpya ilipochungulia chini, alirudia. Alisema bila kulia, akitazama vidole vyake.

Nilimutukana. Sikumuficha hasira. "Mukamugema! Weusi wa vikapu kwenye kichwa cha mutoto mugonjwa? Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, hujasikia? Inuka! Rudi sasa hivi umwambie yule kijana!"

"Mbele ya wote wale?"

"Mbele ya wote!"

"Mabukwe atasikia kabla sijafika nyumbani. Na Sibomana atasikia, na Kalengera yote. Watasema niliharibu maziwa ya mutoto, kisha nikaupaka rangi ubaya wangu." Akanishika kitenge. "Nitauondoa huu weusi, mama Florent. Jumatatu ijayo watachagua tena. Wakiona nywele zenyewe, sitahitaji kusema kitu."

Mutu mwenye akili timamu angemuburuta kurudi pale pale. Lakini mumewahi kumuona mama anaogopa hivyo? Tukaenda nyumbani.

Basi ikaanza wiki ya kusugua. Mukecuru akitoka kwenda kuongea na watu wa kwao, mutoto anawekwa kwenye beseni. Sabuni ya kipande. Limau. Limau na jua. Chumvi. Hapana. Nywele zilikuwa nyeusi kama mawe ya ukuta wetu. Nilisema, "Munyoe basi!" Akajibu, "Nikimunyoa, yule enfirmye ataangalia nini? Zitaota lini?" Na Béata hakujitetea hata kidogo, alikaa kwenye maji kama muzigo, kichwa kinafuata mukono wa mama yake. Mukamugema alianza kuitukana mikono yake. "Mikono ya kulaaniwa, ninyi mulijua kutia, kutoa hamukujifunza!"

Ili kumuchekesha, nilimupa kisa cha madamu wa Kamate. Madamu huyo alikuja kutoka kwao Ulaya na nywele nyeusi, kumbe ni za rangi, zake zenyewe ni za njano kama ndevu za mahindi. Hapa Goma akachoka na weusi, akaanza kuzirudisha kidogo kidogo ndani ya jiko lake, muchana, milango imefungwa. Anapaka maji ya oksijeni, yanatoa povu, anafunga taulo kichwani, na Kamate anakatazwa kuchemsha hata yai. Mwezi uliopita zilikuwa kama kahawa, mwezi huu kama chai. Bwana yake akirudi kula, hakuna chakula, kuna madamu wa chai. Kisa hicho kilikuwa kinachekesha watu wote.

Mukamugema hakucheka. "Yale maji," akasema, "yanatoa weusi?"

Nilitamani kumeza ulimi wangu.

Kamate alikataa kuyaleta, kisha alimuona Béata, akakubali. Maji hayo wazungu wanaoshea vidonda pia, kwa hiyo alimuomba madamu, akasema ni ya kidonda cha jirani, na madamu akamujazia chupa ndogo ya dawa kwa roho safi. Kamate alipomupa Mukamugema alimwambia, "Kidogo, mama. Madamu anapaka kidogo, anangoja, anasuuza, kesho yake tena. Na yeye ni mutu muzima, na wakati mwingine analia."

Kesho yake tena! Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Jumapili baada ya misa, mukecuru akiwa amebaki kanisani na wenzake, tulimuketisha Béata kwenye mukeka nyuma ya nyumba yangu. Mukamugema akapaka. Povu dogo likatoka, likazimika. Tukangoja. Weusi ukawa kahawia hapa na pale, kama kitambaa kilichochakaa, basi. Akapaka tena. Hakuna. Kengele ya kanisa ikalia, ikamaanisha wazee wanatoka.

Akasimama, akaruka ukuta, akarudi na kibuyu chake cha kazi.

"Nini hicho?"

"Maji ya majivu. Yanafungua uzi."

"Mukamugema, huu si uzi! Huu ni mutoto!"

Alikuwa ameshamimina.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Maji yalianza kuchemka kichwani bila moto. Povu lilipanda jeupe, kisha la kahawia, na joto nilihisi kwa mukono wangu. Na yule Béata, aliyekuwa hana nguvu ya kulia wiki nzima, alipiga kelele ambayo nitaisikia siku ya kufa kwangu. Nilichukua ndoo, nikamwaga, nikachukua nyingine, maji yote tuliyoteka ziwani asubuhi nilimwagia kichwa kile, huku ninamutukana mama yake kwa kinande kwa sababu kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Povu lilipoisha tuliona. Mbele, nywele zilikuwa na rangi ya machungwa. Nyuma kahawia. Juu ya masikio zilikuwa zimetoka zenyewe, zimebaki mukononi mwa Mukamugema, na ngozi chini imekuwa mbichi. Alizitazama zile nywele kwenye kiganja chake chenye vidole vyeusi, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Ni nyekundu! Mama Florent, ni nyekundu!" Niliogopa. Nilidhani amerukwa na akili.

Alimufunga mutoto kitambaa kichwani. Mukecuru aliporudi aliambiwa ni baridi. Mukecuru akasema, "Sawa."

Jumatatu tulikuwa kwenye mustari mapema. Mukamugema alimuvalisha tena soksi zile. Mimi nilikuwa sijawahi kumuona Béata bila soksi siku hizo zote, na sikuuliza. Mukamugema kichwa chake kilikuwa kimeshika neno moja tu la enfirmye, nywele, nywele, mengine yote aliendelea kuyaficha kama kawaida.

Viateur alifika, akafungua kitambaa. Akarudi nyuma. Kisha akainama akanusa.

"Mama," akasema. "Wiki iliyopita huyu mutoto alikuwa na nywele nyeusi. Nilimusugua mimi mwenyewe. Haya ni maji ya oksijeni, ninayatumia kila siku, unanidanganya mimi? Wa udongo niliwaonya tu. Lakini wewe umemuunguza mutoto! Umemuunguza mutoto wako muzima kwa ajili ya unga wa maziwa!"

Wamama walilia "Ayiii!" Mumoja akatema mate chini karibu na miguu yetu. Mwingine akasema aitwe polisi. Mukamugema alirudisha kitambaa kichwani mwa Béata.

Nikaingilia. "Weusi ndio ulikuwa uongo! Huyu ana bwaki tangu zamani, mama yake alimupaka rangi nyeusi kwa haya!"

"Mama, nilisugua kwa kitambaa. Kitambaa kilibaki cheupe. Rangi gani hiyo isiyotoka?"

"Ya huyu."

Sauti ilitoka nyuma. Nyiramahirwe alikuwa anapita katikati ya wamama na fimbo yake, taratibu, wanamupisha. Alikuwa ametufuata. "Rangi ya huyu haitoki," akasema. "Uliza soko lote la Goma."

Mukamugema alipomuona alitaka kukimbia, nilimushika.

Mukecuru aliketi chini, mbele ya Viateur, akamuchukua Béata, akamuweka kwenye mapaja. Akamuvua soksi ya kwanza. Muguu ulikuwa umevimba, ngozi imekaza, inang'aa. Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya muguu, akangoja, akaondoa kidole. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Binti yangu aliitwa Mukakalisa," akasema mukecuru. Hakusema na Viateur wala na sisi, alikuwa anasema na ule muguu. "Alimufuata Sibomana kwa kuzaliwa. Alikuwa na mashavu kama haya, na miguu kama hii. Nilimuweka chumba cha nyuma ili majirani wasione. Wakiuliza, ninasema amelala. Nilimuficha mpaka nikamuzika, na kwenye matanga nikasema ni malaria." Akamuvua soksi ya pili. "Nilipoona masikio ya huyu ni meusi, nilijua. Nikanyamaza tena. Nilisema, ni aibu ya nyumba yetu, inyamaziwe. Jana nimeona kile kitambaa kichwani, nikasema sawa. Sawa ya nini? Huyu sitamuficha."

Akainua macho kwa Mukamugema.

"Sema, mwanangu. Sema kwa sauti. Mimi nimekohoa vya kutosha."

Na Mukamugema akasema. Kwanza polepole, kisha kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Ni mimi. Niliona nywele zinakuwa nyekundu nikaona haya. Nikatia weusi wa vikapu. Mutoto wangu ana bwaki. Ninaomba maziwa."

Viateur alichuchumaa. Alibonyeza ule muguu yeye mwenyewe, mahali pengine, akatazama shimo. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuomba musamaha, na mimi sikumudai, alimubeba tu Béata mikononi mwake bila kuita mutu, akakimbia ndani anapaza sauti, "Masera! Masera!" Mama yule aliyetema mate alivua kitenge chake cha juu akamufunika Mukamugema mabegani. Na nyuma, ndani ya mustari, niliona mama mumoja anamuvua mutoto wake kofia.

Walimuweka Béata pale pale dispanseri. Masera mumoja alimunyoa kichwa chote kwa sababu ya kidonda, akamupaka dawa, akamunywesha maziwa kwa kijiko, kidogo, kila mara. Mimi na mukecuru tulipokezana kumulea yule mutoto mudogo. Kuna siku Béata alitapika kila kitu, na masera alitoka nje bila kututazama. Kisha maji yakaanza kutoka mwilini, uvimbe ukapungua, na hapo ndipo tuliogopa zaidi, maana mutoto tuliyemuita munene alikuwa mifupa mitupu. Mukamugema alimuosha, akaona mbavu, akatoka kwenda kulia nyuma ya choo. Sibomana alifika na kamiyo, akaambiwa yote, akaketi kando ya kitanda na kofia yake magotini. Hakumulaumu mutu. Alileta samaki wa ziwa kila alipopita, na maharagi ambayo mukecuru aliyaponda yeye mwenyewe mpaka yakawa uji.

Siku moja Béata alimuona Kamate anaingia amevaa kofia yake ndefu ya upishi, amesahau kuivua kazini. Akacheka. Sauti ndogo, kama kikohozi. Tulitazamana wote. Kamate maskini hakujua amefanya nini, alibaki mulangoni na kofia yake mpaka tukamulazimisha atoke aingie tena.

Nywele zikaota. Kwanza vumbi tu juu ya ngozi, kisha zikasimama, ngumu, fupi, nyeusi.

Mimi nilishukuru Mungu, nikarudi kwenye mambo yangu. Mukamugema hakuweza. Alishika kitambaa cheupe, akakilowesha, akamusugua mutoto kichwani, kisha akakitazama kwenye mwanga. Cheupe. Kesho yake tena. Mukecuru alimwambia, "Wacha, utamutoa ngozi." Hakuacha. Vikapu aliendelea kufuma, lakini vyote vyeupe, bila mustari hata mumoja, na wateja walipolalamika alisema ua la mugomba limekuwa shida kupata. Migomba ilikuwa imetuzunguka pande zote. Vidole vyake vilichukua muda murefu kutakata.

Nilikuwepo siku Béata alipopokea komunyo ya kwanza. Musichana murefu, nguo nyeupe, anaongea kupita kasuku. Nywele zake zilikuwa nyingi mpaka shela ilikuwa inateleza. Nje ya kanisa, kabla hawajaingia kwa mustari, Mukamugema alimuita pembeni ili amunyooshee shela. Nikamuona anatoa leso, anailowesha kwa mate, anasugua kidogo pale juu ya sikio, penye kovu. Akaitazama.

"Mama," Béata akasema, "ni zangu."

"Ninajua," akasema Mukamugema. Akasugua tena.